Kumbukumbu ya Onyesho kama Kipera cha Fasihi Simulizi: Bendi za Kisomali na Hadhira Yake ya Garissa

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba wimbo si maneno peke yake. Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na muktadha fulani wa kijamii, na linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kabla yake, Finnegan (1970) alikuwa amekwisha kusisitiza kwamba kazi ya fasihi simulizi haikamiliki mpaka itendwe. Haya tunayajua na tunayaandika katika mitihani. Hata hivyo, tunapokwenda nyanjani kukusanya nyimbo, wengi wetu hurudi na moja tu kati ya hayo sita, nayo ni fani: maneno ya wimbo yaliyoandikwa na, tukibahatika, sauti iliyorekodiwa. Mengine matano hubaki kichwani mwa yule aliyekuwapo.

Makala haya yanamshughulikia huyo aliyekuwapo. Yanahusu kumbukumbu tamu za mtu aliyewahi kuiona bendi aipendayo ikipiga muziki mbele ya macho yake. Mfano wetu unatoka Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambako bendi zilizopendwa kwa miongo mingi ni zile zilizoimba kwa Kisomali. Hoja tunayoitetea ni kwamba kumbukumbu ya onyesho si porojo za uzeeni wala si kiambatisho cha wimbo. Ni kipera cha fasihi simulizi kinachojitegemea, na katika eneo hili ndicho hazina karibu ya pekee ya yale mambo matano ambayo kaseti haikuyanasa. Hazina hiyo inapungua kila mwaka.

Bendi zenyewe na njia zilizozifikisha Garissa

Muziki tunaouzungumzia una mizizi katika ushairi. Miaka ya 1940 ilizuka bahari fupi ya nyimbo za mapenzi iliyoitwa balwo, ambayo kuasisiwa kwake huhusishwa na Abdi Sinimo. Kutokana na balwo kukatokea heello, wimbo mrefu zaidi ulioandamana na udi na ngoma, ambao Johnson (1974) aliuandikia kitabu kizima. Kufikia miaka ya 1970 na 1980, mjini Mogadishu kulikuwa na bendi zilizopiga gitaa za umeme, vinanda, saksafoni na ngoma za kisasa, zikichanganya lahani za Kisomali na miondoko ya soul, fanki, disko, rege na roki. Majina yao yenyewe ni ya kishairi: Waaberi ni alfajiri, Iftin ni mwanga, na Dur-Dur ni chemchemi. Waaberi lilikuwa kundi la taifa, na makao ya sanaa yake yalikuwa Jumba la Taifa la Maigizo lililofunguliwa mwaka 1967. Bendi nyingine zilitumbuiza katika kumbi za hoteli za mji huo, mojawapo ikiwa Al-Uruba.

Muziki huu ulifika Garissa, Wajir na Mandera kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa redio. Mawimbi ya Redio Mogadishu hayakuujua mpaka, na sauti za waimbaji wake zilisikika katika nyumba za eneo hili hata wakati wa vita vya mwaka 1963 hadi 1967, na katika miaka yote ya sheria ya hali ya hatari ambayo iliondolewa mwaka 1991. Njia ya pili ilikuwa kaseti. Kwa kuwa katika utawala wa Siad Barre shughuli za muziki zilikuwa mikononi mwa serikali, nyimbo nyingi zilirekodiwa kwa ajili ya redio na hazikutolewa kama santuri za kuuzwa madukani. Watu walizinakili kutoka kaseti hadi kaseti, na kila nakala ilisafiri na mkoromo wake.

Njia ya tatu ilikuwa miguu ya binadamu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, mamia kwa maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Kenya. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa kuzunguka mji wa Dadaab, ndani ya Garissa, zikikusudiwa kuwahifadhi watu wapatao 90,000. Baada ya ukame wa mwaka 2011, idadi yao ilipita 400,000. Wanamuziki nao walikuwa miongoni mwa waliokimbia. Maryam Mursal, aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa Waaberi, aliondoka na watoto wake watano akapitia Kenya na Ethiopia hadi Djibouti, kisha akapata makazi Denmark. Safari hiyo ndiyo iliyoipa jina albamu yake ya mwaka 1998, The Journey, iliyotolewa na kampuni ya Real World ya mwanamuziki wa roki Peter Gabriel.

Pamoja na wanamuziki walivuka pia watu ambao hawatajwi katika jalada la albamu yoyote: waliokuwa wakiketi katika viti vya kumbi zile. Hao ndio hadhira yetu. Wenyeji wa Garissa, waliokuwa wakiyajua majina ya waimbaji kwa redio na kaseti, sasa walikutana na majirani waliokuwa wamewaona kwa macho. Masimulizi yakaanza.

Kumbukumbu kama kipera

Katika uainishaji wa Mulokozi, kumbukumbu imo miongoni mwa masimulizi ya kisalua, pamoja na visakale, mapisi na tarihi. Ni masimulizi ya mambo muhimu yaliyompata mtu au jamii. Mara nyingi tunapotafuta mifano ya kumbukumbu tunakimbilia vita, njaa na uhamaji. Onyesho la muziki huonekana kuwa jambo dogo mno. Lakini tukiyasikiliza masimulizi ya namna hii, tunaona yana fani yake. Huanza kwa kuthibitisha ushahidi: msimulizi hutaja mji, ukumbi na aliyekwenda naye, ili asidhaniwe kuwa anasimulia alichosikia kwa wengine. Hufuata taswira ya fanani, yaani alivyovaa, alivyosimama na alivyoingia jukwaani. Kisha msimulizi hukatiza maneno na kuimba, mara nyingi ubeti mmoja tu. Mwisho huja ulinganishi wa zamani na sasa. Muundo huu unajirudia kiasi cha kumwezesha mtafiti kuutambua, kama tunavyoutambua mwanzo wa ngano kwa fomula yake.

Tofauti ya eneo letu na kwingineko ni uchache wa ushahidi mwingine. Tamasha la Woodstock la Agosti 1969, nchini Marekani, lilipigwa filamu iliyotolewa mwaka uliofuata. Kwa hiyo, mtu aliyezaliwa miaka 30 baadaye anaweza kuiona hadhira ile ikinyeshewa mvua na kucheza matopeni. Hadhira ya bendi za Mogadishu haikupigwa filamu ya namna hiyo. Tulicho nacho ni rekodi za sauti, na nyingi kati ya hizo zilifanywa katika studio ya redio, pasipo hadhira. Ndege za serikali zilipoushambulia mji wa Hargeisa kwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio ya mji huo ziliokolewa kwa kufichwa na kutawanywa, na leo kituo cha utamaduni cha Hargeisa kinahifadhi kaseti zaidi ya 10,000. Kutokana na hazina hiyo ilitolewa mwaka 2017 albamu ya mkusanyo Sweet as Broken Dates, ambayo ilipendekezwa kuwania tuzo ya Grammy. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, anayeisikiliza hasikii kikohozi kimoja cha mtu aliyeketi safu ya nyuma.

Sasa tuyatazame mambo sita ya Mulokozi, tukiuliza kumbukumbu inabeba nini katika kila moja.

Fanani na fani

Neno fanani, tunalolitumia kila siku darasani, lina ndugu yake katika Kisomali: fanaan, yaani msanii au mwimbaji. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Ndugu wengine ni laxan na lahani, xaraf na herufi, xafid na hifadhi. (Herufi x katika maandishi ya Kisomali, yaliyorasmishwa mwaka 1972, husimamia sauti h ya koromeo.) Udugu huu unatukumbusha kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda kuchunguza muziki wa Garissa haingii nyumba ngeni kabisa.

Katika utamaduni wa wimbo wa Kisomali, kazi ya ufanani hugawanywa mara nyingi kwa watu watatu: mmoja hutunga maneno, wa pili hutunga lahani, na wa tatu huimba. Mtunzi anayeheshimiwa huitwa abwaan. Andrzejewski na Lewis (1964) walieleza kwamba anayeghani shairi la mtu mwingine hutarajiwa kulihifadhi neno kwa neno na kumtaja mwenyewe. Kaseti iliyonakiliwa mara kumi haina jalada, wala haimtaji mtunzi. Aliyekuwa ukumbini alisikia majina yakitangazwa. Hivyo kumbukumbu yake ni ushahidi wa umilikaji wa kazi, na jambo hilo lina uzito wa kisheria na wa kimaadili hasa sasa ambapo nyimbo hizo zinauzwa upya katika nchi za mbali.

Kwa upande wa fani, ushairi wa Kisomali una kanuni inayoitwa xarafraac, maana yake kufuata herufi. Kila mshororo, au kila kipande cha mshororo, sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti ileile iliyochaguliwa kwa shairi zima, na irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Ikiwa mtunzi amechagua d, basi d itasikika mwanzoni mwa neno fulani katika kila mshororo hadi tamati. Sisi tumezoea kungojea mwisho wa kipande, pale kina kinapotua. Msikilizaji wa Kisomali husubiri mwanzo wa neno. Tofauti hii inaeleza jambo moja katika masimulizi ya maonyesho: hadhira humalizia mshororo pamoja na mwimbaji. Sauti ikishajulikana, maneno yanayoweza kufuata huwa machache, na sikio lililofunzwa huyakisia kabla hayajatamkwa. Mwimbaji hodari hunyamaza hapo makusudi na kuwaachia watu neno. Katika rekodi ya studio kimya hicho hakipo, kwa sababu hakuna wa kuachiwa.

Hadhira

Fasihi simulizi ya Kisomali, kama ya Kiswahili, haina hadhira inayokaa kimya. Katika dhaanto, ngoma inayopendwa sana Kaskazini Mashariki na katika eneo la Wasomali wa Ethiopia, makofi na mishindo ya miguu ndiyo ala za msingi. Katika buraanbur, ambayo ni bahari ya wanawake, mmoja hughani huku wengine wakipiga durbaan na makofi, na mwenye kuguswa huingia katikati kucheza. Wanaofurahishwa humtunza kwa fedha, sawa na desturi ya kutunza tunayoijua katika taarabu ya Mombasa na Zanzibar.

Mwandishi wa makala haya anakumbuka usiku mmoja wa harusi mjini Garissa, bendi ikiwa na kinanda kimoja, gitaa moja na spika mbili zilizofungwa juu ya meza. Wimbo ulipofika katikati, umeme ulikatika. Kinanda kilinyamaza, na mwimbaji akabaki ameshika kipaza sauti kisichofanya kazi. Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyefanya lolote. Kisha mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi mkekani, akaanza kupiga makofi kwa mwendo uleule wa wimbo, jirani yake akavuta durbaan, na ua mzima ukaendelea kuimba gizani. Mwimbaji aliweka kipaza sauti chini akaimba nao kwa sauti yake tupu. Umeme uliporudi, mpiga kinanda hakuanza wimbo mpya. Alisikiliza kwanza, akautafuta ufunguo ambao wanawake walikuwa wameuhamia, akawafuata.

Mfano huu unaonyesha, kwa njia ambayo nadharia peke yake haionyeshi, kwamba mpaka kati ya fanani na hadhira ni wa kuazima. Kwa dakika kadhaa hadhira ndiyo iliyokuwa bendi. Hakuna kilichorekodiwa usiku ule, na hata kingerekodiwa, chombo kingeandika tu kwamba ala zilinyamaza kisha zikarudi.

Tukio

Jambo la nne ni tukio, yaani shughuli iliyozaa wimbo. Hapa kumbukumbu ya hadhira ya Mogadishu ina thamani ya pekee, kwa sababu nyimbo nyingi maarufu za Kisomali zilizaliwa ndani ya michezo ya kuigiza. Mchezo huo huitwa riwaayad. Neno hilo ni ndugu wa riwaya yetu, ila kwa Wasomali lilipanda jukwaani na kwetu likaingia kitabuni. Mfano unaojulikana zaidi kwa wasomaji wa nje ni Shabeelnaagood wa Hassan Sheikh Mumin, ulioonyeshwa mwaka 1968 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Andrzejewski mwaka 1974. Katika mchezo wa namna hii wahusika huongea kwa ushairi na kuimba, huku hadithi ikisonga mbele.

Baada ya maonyesho, nyimbo zilichukuliwa na redio zikatengana na hadithi. Aliyeko Garissa, mwenye kaseti, alisikia sauti ya mwanamke akimlalamikia mpenzi. Aliyekuwa ukumbini alijua kwamba huyo ni mhusika fulani, ametoka kudanganywa katika onyesho lililotangulia, na kwamba mpenzi aliyelalamikiwa alikuwa amejificha nyuma ya pazia akisikiliza. Wimbo ni uleule, lakini maana zake ni mbili. Mtafiti anayechambua maneno ya kaseti peke yake huichambua maana ndogo.

Vivyo hivyo kwa nyimbo za mafumbo. Chini ya utawala wa kijeshi wa mwaka 1969 hadi 1991, wimbo wa mapenzi ungeweza kuwa wimbo wa siasa. Maryam Mursal alipigwa marufuku kuimba baada ya kuikosoa serikali katika wimbo ambao jina lake lina maana ya wanazuoni, akalazimika kuendesha teksi ili apate riziki. Wimbo wa aina hiyo ukisomwa leo katika karatasi huhitaji tanbihi. Ukumbini hapakuhitajika tanbihi, kwani watu walilielewa fumbo papo hapo, na jinsi walivyolipokea, kwa kicheko, kwa vigelegele au kwa ukimya wa ghafla, ndiyo tafsiri yake ya kwanza. Ni mashuhuda pekee wanaoweza kutueleza ukimya huo uliangukia mshororo upi.

Mahali na wakati

Mahali pa maonyesho pana historia ambayo haiwezi kutenganishwa na kumbukumbu. Jumba la Taifa la Maigizo mjini Mogadishu liliharibiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Aprili 2010, kundi lenye silaha liliamuru vituo vya redio vya mji huo viache kupiga muziki. Jumba lilifunguliwa tena mwezi Machi 2012, lakini tarehe 4 Aprili mwaka huohuo mlipuaji wa kujitoa mhanga akashambulia mkutano uliokuwa ukifanyika humo na kuwaua watu kadhaa. Kwa mzee anayelikumbuka jumba hilo likiwa na taa na viti, kulisimulia ni kulijenga upya. Tusishangae akitumia dakika kumi kueleza mlango wa kuingilia.

Garissa nayo ina habari zake za mahali na wakati. Maonyesho ya eneo hili ni ya usiku, kwa sababu ya joto la mchana na kwa sababu ya desturi. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walikishambulia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi kama sisi. Baada ya hapo serikali iliweka amri ya kutotoka nje kuanzia machweo hadi mapambazuko katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Msiba wenyewe ni mkubwa kuliko jambo lolote tunalolijadili hapa. Hata hivyo, mtafiti wa utendaji hana budi kuona kwamba amri ya namna hiyo iligusa wakati, mojawapo ya yale mambo sita. Sherehe iliyokesha ilipaswa kumalizika kabla ya magharibi. Anayesimulia onyesho lililomfikisha alfajiri anasimulia pia zama ambazo mtu angeweza kurudi nyumbani alfajiri kwa miguu bila hofu. Ndiyo maana utamu wa kumbukumbu hizi huwa na chembe ya uchungu.

Garissa jukwaani

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Garissa ilikuwa mpokezi tu wa muziki wa kwingine. Kundi la Gargar, la wanawake Wasomali wa Garissa, limeonyesha kinyume chake. Jina lao ni neno la Kisomali lenye maana ya msaada. Albamu yao Garissa Express ilitayarishwa na Ketebul Music, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa na Tabu Osusa na inayojulikana kwa kutafiti na kuhifadhi muziki wa jamii za Kenya. Humo sauti za wanawake zinazopokezana, ambazo kwa asili huandamana na makofi na ngoma, zimewekwa pamoja na gitaa.

Kwa mtazamo wa makala haya, Gargar ni kielelezo cha safari ya utendaji kutoka uani hadi jukwaani. Mambo mawili hubadilika katika safari hiyo. Kwanza, hadhira hugeuka: uani ni wanawake wanaojuana kwa majina, na jukwaani ni watu mchanganyiko, wengine wasioelewa neno la Kisomali. Pili, wajibu wa kuitikia, ambao uani ni wa wote, jukwaani hubebwa na waitikiaji wa kundi. Aliyewaona wanawake wa Garissa wakiimba uani na pia akawaona wenzao jukwaani ana kumbukumbu mbili zinazoweza kulinganishwa. Mtu wa namna hiyo bado yupo na ni rahisi kumpata. Tusingoje mpaka awe adimu kama walioiona Dur-Dur.

Namna ya kuzikusanya

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1985, Dur-Dur na Iftin zilipokuwa zikivuma, alitimiza miaka 60 mwaka 2025. Hesabu hii inatosha kueleza haraka tuliyo nayo. Kwa wanafunzi wanaotoka Garissa, Wajir na Mandera, na kwa wote watakaopangiwa kufundisha huko, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, maswali yaongozwe na yale mambo sita. Usimwulize mzee tu, "Wimbo gani ulikuwa mzuri?" Mwulize aliketi wapi, alikwenda na nani, alilipa nini, wimbo upi uliombwa kurudiwa, na watu walifanya nini ulipomalizika. Swali la mahali hufungua kumbukumbu kuliko swali la maoni.

Pili, simulizi irekodiwe kwa lugha ambayo msimulizi anaikumbukia, kisha itafsiriwe kwa Kiswahili. Tafsiri ya beti italeta tatizo la xarafraac. Mfasiri akiifuata kanuni hiyo kwa Kiswahili atagundua kwamba viambishi vya ngeli humlazimisha kuanza maneno mengi kwa sauti zilezile, jambo litakalorahisisha kazi na wakati huohuo kuififisha, kwa kuwa sauti isiyochaguliwa na mtunzi haimshangazi msikilizaji. Akitumia vina atakuwa amebadilisha masikio ya hadhira. Mjadala huu unastahili makala yake, na jarida hili ndilo mahali pake.

Tatu, utamu upimwe. Kumbukumbu huchagua. Husahau joto, msongamano na tiketi iliyokosekana, ikabakiza mwanga na sauti. Wasimulizi wawili wa onyesho moja wasikilizwe kila mmoja peke yake, na wanapotofautiana, tofauti hiyo iandikwe badala ya kusawazishwa. Inatufundisha kipera chenyewe kinavyofanya kazi.

Nne, heshima itangulie. Wako wazee walioupenda muziki ujanani na baadaye wakauacha kwa sababu za dini. Mmoja wao akisema hataki kuyarudia hayo, mtafiti amshukuru, anywe chai aliyokaribishwa na aulize habari nyingine. Wako pia wanaokubali kusimulia lakini hawataki kutajwa majina. Ombi hilo nalo ni amana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumbukumbu ya onyesho ina muundo wake, ina kazi yake, na ina nafasi katika uainishaji ambao tayari tunao. Tumeonyesha pia kwamba katika Garissa na Kaskazini Mashariki, ambako bendi pendwa zilipoteza kumbi, nchi na mara nyingine uhai wa wanachama wake, kumbukumbu hiyo ndiyo inayobeba tukio, mahali, wakati na hadhira, mambo ambayo kanda iliyookolewa haiwezi kuyarejesha.

Suala hili haliwahusu wachunguzi wa Kisomali peke yao. Nani amemhoji aliyecheza mbele ya Simba Wanyika mjini Nairobi, au aliyeiona Mlimani Park ya Dar es Salaam katika miaka yake ya kwanza baada ya kuundwa mwaka 1978? Tumechambua mashairi ya bendi hizo kwa bidii, tukamsahau aliyekuwa akiyaitikia. Tunapendekeza kwamba chama chetu kitenge sehemu katika maktaba yake kwa ajili ya kumbukumbu za maonyesho, na kwamba kila mwanachama, likizo ijayo, amhoji mzee mmoja na kuleta nakala moja ya simulizi yake. Wa kutoka Garissa waanze nyumbani kwao, kwa shangazi na wajomba ambao bado wanaijua kila sauti iliyotangulia kila mshororo.